Nilivyosalimia Kanisa la Watu Mpaka Muda wa Mahubiri Ukaisha

Wadada, leo nimejivua nguo mbele ya kanisa zima. (Nguo zenyewe zilikuwa mwilini, msianze kunipigia simu.) Niko garini, nimeegesha nje ya nyumba yangu hapa Burnsville, na sitaki kuingia ndani kwa sababu watoto wataniuliza, "Mom, how was church?" Nimeona niwaambie ninyi kwanza. Nitukaneni mkitaka, lakini msicheke. Nimemharibia mtoto wa watu.

Mnajua kwamba siku hizi nasoma seminari kule Saint Paul, nikimaliza niwe mchungaji wa wagonjwa hospitalini. Usiku natunza wazee, mchana natunza vitabu. Darasani kwetu kuna kijana anaitwa Mateo, wa kutoka Ekwado, ana miaka ishirini na minne. Darasa zima Mlatino ni yeye peke yake, na Mwafrika ni mimi peke yangu. Wenzetu ni watu wazuri sana, wanatabasamu kuanzia mlangoni. Kila muhula, kwenye ibada ya seminari, huimbwa ubeti mmoja wa Kihispania. Ukianza tu, wote wanamgeukia Mateo na kumtabasamia kana kwamba ni yeye aliyeutunga. (Zamu yangu huja na ngoma. Wananitazama waone kama nitacheza. Nami huwa nacheza. Ningefanyaje?)

Tangu Septemba nilikuwa namwona Mateo saa ya chakula, ameketi peke yake kule kona karibu na maikrowevu, kichwa chini, midomo inacheza kidogo. Mimi ni mama. Nikajiambia huyu mtoto anaomba kwa uchungu, au upweke umeanza kumpanda kichwani. Nikabeba chapati zangu nikaenda nikaketi mbele yake. Kesho yake pia. Nikamfanya mwanangu bila kumuuliza. Yeye ni mpole, ananiita Sister Beatrice, na hajawahi kunifukuza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo uzito ulipo. Seminari inataka kila mwanafunzi apate kanisa la kufanyia mafunzo mwaka mzima. Mateo alikuwa ametengewa kanisa moja kubwa huko Woodbury, la Kiingereza, lenye maegesho mapana kama uwanja wa ndege. Hakulitaka. Yeye alikuwa amejitafutia kanisa dogo la Kihispania kusini mwa Minneapolis, wengi wao watu wa Ekwado kama yeye. Jumapili nyingi alikuwa akienda huko kwa treni na basi, kwenye theluji, bila kukosa. Mchungaji wao akamwambia, "Njoo uhubiri siku moja. Wazee wa kanisa wakusikie, halafu tuone kama utabaki nasi." Siku hiyo ilikuwa leo.

Mateo hana gari. Akaniuliza, "Sister Beatrice, utaweza kunipeleka? Ukipenda, unaweza hata kuingia ukasikiliza."

Angalieni neno alilotumia. Ukasikiliza.

Nikamchukua saa sita na nusu. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono mirefu kidogo, na mahubiri yake ameyakunja ndani ya mfuko wa koti. Njia nzima midomo yake ilikuwa inafanya mazoezi. Mimi nikawa namtia moyo. "Usiogope! Mungu yuko nawe! Ukikwama, nitakupigia amina!" Hakujibu sana. Nikadhani ni hofu. (Sasa nafikiri alikuwa anataka tu ninyamaze akumbuke ukurasa wa pili.)

Kanisa hilo halina jengo lake. Wamekodi kwa kanisa la wazungu, na saa tisa kamili wanatoka, kwa sababu kuna kanisa la Wahmong, watu wenye asili ya Asia, linaloingia baada yao. Mateo alinieleza hayo mlangoni, waziwazi kabisa. "Hapa saa ni saa," alisema. Nilimsikia kwa masikio haya mawili.

Ibada ikaanza. Nyimbo tamu, gitaa, watoto wanakimbia huku na huku. Nilijisikia nyumbani hata kama sikuelewa neno. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, Doña Carmen, ameshika simu juu, anapiga video. Nikamwona. Nikaweka kilemba changu sawa.

Zikafika salamu za wageni. Mchungaji akasema kitu, akatutazama. Mateo akaninong'oneza, "Anakukaribisha. Simama kidogo."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaachia maikrofoni, akanyoosha mkono kwangu, akatabasamu.

Wadada, niambieni ukweli. Ninyi mngeelewa nini? Kwetu mgeni akisimamishwa, tena mwanafunzi wa uchungaji, tena amepigiwa makofi, halafu aketi bila kufungua mdomo, watu watasema amekasirika. Au hajaokoka. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Naijua kazi ya kusalimia kanisa toka nikiwa na meno ya utoto.

Nikaanza kutembea.

Nilimwona Mateo akinyoosha mkono kama anayetaka kushika ncha ya koti langu. Nikadhani ananisindikiza. Nikapanda pale mbele, nikashika ile maikrofoni kwa mikono miwili, nikapaza sauti, "Bwana asifiwe!"

Kimya.

"Tena Bwana asifiwe!"

Mtoto mmoja akaanza kulia. Mchungaji, mtu muungwana, akamwashiria Mateo aje anifasirie. Akaja, akasimama kando yangu. Nikamshika bega kwa upendo.

"Nina neno moja tu," nikasema kwa Kiingereza.

(Mkenya akikwambia ana neno moja tu, tafuta mahali pa kulala.)

Nikajitambulisha. Jina, ukoo, nyumbani Machakos, mwaka niliookoka, mazingira niliyookokea. Nikawaletea salamu kutoka kwa mume wangu, kutoka kwa watoto, na kutoka kwa kanisa langu la hapa, ambalo halikujua kama nimekwenda. Nikaeleza baridi ya kwanza niliyokutana nayo Minnesota, jinsi gari lilivyokataa kuwaka, jinsi nilivyoomba huku nimekumbatia usukani, jinsi jirani alivyokuja na nyaya akaniwashia. Ushuhuda mzima. Mateo akafasiri kwa maneno manne.

Nikajiambia, kumbe Kihispania ni lugha fupi hivi!

Nikaendelea. Kila nikirefusha, yeye anafupisha. Nikisema aya nzima, anasema sentensi. Nikisema sentensi, anasema "amén." Na macho yake yalikuwa yanaenda ukutani nyuma ya watu, yanarudi, yanaenda tena. Nikageuka nione anatazama nini, nikaona ni saa ya ukutani. Wadada, mimi niliiona ile saa. Niliiona! Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi, na watu walikuwa wananitabasamia, na Doña Carmen alikuwa amenielekezea simu. Nikapungia ile simu mkono.

"Nikimalizia," nikasema, "sitaketi bila pambio."

Nikaimba. Nikawafundisha wajibu. Nikawasimamisha. Nikawafundisha kugeuka kushoto na kumwambia jirani kwamba anapendwa. Nikawafundisha kugeuka kulia pia, maana wa kulia naye amekosa nini? Walifanya yote, masikini, hata wazee wa kanisa. Mzee mmoja mwenye masharubu meupe aligeuka kushoto akakuta ukuta. Akauambia ukuta.

Ningeishia hapo, ingekuwa ni habari ya mwanamke mwenye maneno mengi, tungecheka yakaisha. Lakini nilitaka kumpigia debe mwanangu. Nilitaka wampende kabla hajaanza. Ndivyo tunavyofanya, unamtambulisha mhubiri kwa ushuhuda. Nikamvuta karibu.

"Na sasa nikimalizia kabisa," nikasema, "mnamwona huyu kijana? Nilipomkuta seminari hakuwa na mtu. Hata mmoja! Alikuwa anakula peke yake kando ya maikrowevu kama mtoto aliyeachwa. Anaongea peke yake. Siku nyingine nilimwona akifuta machozi. Mimi ndiye niliyemwokota. Nikamlisha chapati. Nawaombeni, watu wa Mungu, mpokeeni huyu yatima!"

Nikangoja tafsiri. Haikuja.

Nikamgusa kiwiko. "Fasiri, mwanangu," nikasema. Ndani ya maikrofoni.

Mateo hakuniangalia. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, "Wameelewa, Sister."

Nikawatazama watu. Hapo ndipo akili iliponirudia, tena imechelewa. Hawa ni watu wa Minneapolis. Wanapika kwenye mahoteli ya mji huu, wanaezeka mapaa yake, wanafanya kazi hospitalini kama mimi. Kiingereza wanakijua tangu zamani. Kila neno nililosema tangu mwanzo walilisikia mara mbili, langu refu na la Mateo fupi, na walikuwa wamenyamaza kwa adabu tu. Akina mama wawili walikuwa wanapangusa macho. Wale wazee waliokuja kumpima mhubiri walikuwa wanamtazama Mateo kwa huruma, vichwa vimeinama upande. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Halafu mlango wa nyuma ukafunguka. Wahmong wakawa wamefika, kwaya nzima, wamebeba kinanda. Wakasimama pale pale mlangoni, wanatabasamu. Minnesota mtu hakwambii umechelewa, anasimama tu na kinanda mpaka ujionee mwenyewe.

Mchungaji akatazama saa yake, akamtazama Mateo. Nikaona mkono wa Mateo ukiingia kwenye mfuko wa koti, pale mahubiri yalipokuwa. Ukakaa humo kidogo. Ukatoka mtupu.

"Hermano Mateo," mchungaji akasema, na hata mimi nilielewa, "tufunge kwa sala."

Akaomba. Sala fupi, ya Kihispania, macho amefumba. Basi. Hayo ndiyo yote waliyoyasikia kutoka kwake leo. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la mbele nikiwa bado na maikrofoni, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuninyang'anya.

Mkidhani aibu iliishia hapo, kulikuwa bado na chakula.

Tukashuka chini, kwenye chumba chenye jiko. Walikuwa wamepika mahindi makubwa meupe na nyama ya nguruwe, githeri ambayo maharagwe yake yamekwenda safari. Tamu! (Ndiyo, nilikula. Aibu haizuii njaa.) Lakini Mateo hakupata nafasi hata ya kuketi. Akina mama walimzunguka. Mmoja anampapasa shavu, mwingine anamwekea nyama, mwingine anamwita "pobrecito," na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba hilo ni neno la kumwambia mtoto aliyeanguka. Wakamfungia vyakula kwenye vibakuli vya plastiki, kimoja juu ya kingine, mpaka kidevu chake kikawa kinashikilia cha juu. Wazee wa kanisa walipita mmoja mmoja wakimpiga bega. Hakuna aliyemuuliza habari ya mafunzo.

Mimi pia walinipenda. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mchungaji alinishika mkono kwa mikono miwili akasema nina moto wa Roho, na kwamba nirudi siku moja nihubiri, Mateo atanifasiria.

Na mdomo huu, wadada, mdomo huu ambao mama yangu aliulea kwa uji, ukajibu, "Amina, nitakuja!"

Garini Mateo akaketi na vibakuli mapajani. Tukashika barabara ya kurudi Saint Paul. Nilitarajia alie, au anikaripie. Akawa anapanga vibakuli visianguke mpaka tulipovuka mto.

"Mwanangu, nisamehe," nikasema. "Nilikuwa nataka wakupende."

"Wamenipenda," akasema. "Nina chakula cha wiki nzima."

"Mateo..."

"Nilitaka wanione mchungaji, Sister. Sasa wananiona mtoto aliyepotea. Mtu hamwendei mtoto aliyepotea na matatizo yake."

Nikawasha vifuta kioo ingawa hakukuwa na mvua wala theluji.

"Nilisema ukweli lakini," nikajitetea (afadhali ningetafuna ulimi). "Ulikuwa unakula peke yako. Nilikuona."

Akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke kanisani. Akatoa mfukoni vile vidude vidogo vya masikioni, vya kusikilizia simu, akaniwekea kiganjani.

"Nilikuwa naongea na mama yangu," akasema. "Saa ile ya chakula ndiyo saa anayofunga duka. Kila siku tulikuwa tunakula pamoja, yeye kule, mimi kwenye kona pasipo na kelele. Halafu ukaja wewe na chapati."

Wadada. Tangu Septemba. Mimi nimekaa mbele ya huyu mtoto muhula mzima na nusu, nikimliwaza kwa upweke, kumbe ndiye niliyemkatia mama yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaonekana mpweke," akasema.

Nilikosa mahali pa kuweka uso. Ningeegesha kando ya barabara kama si yale malori. Maana ni kweli, wenzangu. Nani mwingine anayekula na mimi pale seminari? Wenye tabasamu wanakula na wenye tabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea na sahani nikitafuta mtu, na yule mtoto akanipisha nafasi ya mama yake.

"Na chapati ni nzuri," akaongeza, kwa heshima.

Simu yake ikalia. Akaitazama, hakuipokea. Ikalia tena.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwa anatazama ibada. Doña Carmen alikuwa amemshikia simu, anione nikihubiri mara ya kwanza."

Nikakumbuka nilivyoipungia ile simu mkono. Nikakumbuka kilemba.

"Anauliza yule mama aliyekuwa anaimba ni nani," Mateo akasema. "Na anauliza alikuwa anasema nini juu yangu, maana yeye peke yake ndiye asiyejua Kiingereza. Aliona watu wanalia. Nimwambie nini, Sister?"

Hapo nililia. Nalia tena sasa hivi nikiandika. Nina mtoto wangu wa kwanza anayesoma mbali. Ningekuwa nimekaa dukani na simu, nangoja kumwona mwanangu akisimama na suti kwa mara ya kwanza, halafu naona mama wa kutoka nchi nisiyoijua anamshika bega na kanisa zima linapangusa machozi, ningejua ana ugonjwa gani? Ningelala?

Nikamwambia, "Mwambie ukweli. Mwambie ni mwanamke wa Kenya asiyejua kuketi."

Akafikiri kidogo. Akapokea simu. Akaongea Kihispania kwa muda mrefu, haraka haraka, sauti imepata nguvu ambayo sijawahi kuisikia darasani. Kumbe lugha yake si fupi hata kidogo. Sikuelewa kitu isipokuwa "Kenia" na "chapati." Upande wa pili nikasikia mama mtu mzima akicheka mpaka akakohoa. Mateo hakucheka, lakini mabega yalishuka kidogo.

Alipokata nikamwomba, "Nihubirie mimi, basi. Hapa hapa garini. Nitasikiliza."

"Hapana," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Hii niliiandika kwa Kihispania. Tangu Septemba nasema maneno ya watu wengine, kwa lugha ya watu wengine. Leo ilikuwa siku ya maneno yangu, nikaishia kufasiri yako."

Tulifika kwake. Nikamsaidia kubeba vibakuli mpaka mlangoni. Pale pale kwenye ngazi nilimwandikia mchungaji wao ujumbe mbele ya macho ya Mateo: kwamba sitakuja kuhubiri, kwamba huyu kijana si yatima, ana mama na ana neno, na kwamba muda wake niliula mimi, naomba arudishiwe. Nadhani ni mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa dunia mtu wa ukoo wetu kukataa mimbari.

Mchungaji amejibu sasa hivi, hapa garini, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuwaandikia. Kasema wazee watamsikia Mateo Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mpaka siku hiyo hawawezi kuamua lolote. Woodbury nao wanangoja jibu lake, na sijui kama watangoja hadi hapo. Sijui, wadada. Kama atapelekwa kule akaimbe ule ubeti mmoja wa Kihispania, mjue ni mimi.

Nikamtumia Mateo ile habari. Akaandika: "Gracias. Mabasi ya Jumapili ni machache. Utanipeleka?"

Nikajibu ndiyo.

Akaandika tena: "Na saa ya chakula kesho nitakuwa kwenye simu. Unaweza kuja saa saba, tukimaliza."

Nitakwenda saa saba. Na Jumapili ile nitampeleka, nitamwacha mlangoni, na nitabaki kwenye gari langu na hita yangu mpaka Wahmong waje na kinanda. Hata theluji ianguke mpaka kioo kisionekane. Na nawaomba kwa jina la Yesu, asije mtu akanigongea dirisha kuniambia niingie ndani nisalimie.